Mafinaliste wa Michigan: mchujo ulioanza Oktoba ukaisha Januari

Tarehe 10 Machi 2020, Kinshasa ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku hiyo hiyo, mbali kabisa na hapa, jimbo la Michigan huko Marekani lilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza. Miezi mitano baadaye tarehe zikakutana tena. Tarehe 10 Agosti, wanafunzi wa Kongo wa madarasa ya mwisho walirudi shuleni kujiandaa kwa mitihani yao. Siku hiyo hiyo, vijana wa sekondari wa Michigan walivaa kofia ngumu na kuanza mazoezi ya mpira wao.

Pande zote mbili swali lilikuwa moja: je, mwaka wa mwisho wa shule utamalizika, ao utakatwa katikati? Huku Kongo, finaliste aliogopa kukosa Exetat, mtihani unaofungua mlango wa chuo kikuu. Kule Michigan, finaliste aliogopa kukosa mashindano aliyoyasubiri tangu utoto, na kwa baadhi yao mashindano hayo pia ni njia ya kuingia chuo kikuu. Uzito wa mambo hayo mawili haufanani. Hata hivyo, safari ya siku 166 ambayo Michigan ilisafiri ili kumaliza kombe la shule ni historia yenye mafunzo. Ikumbukwe pia kwamba familia nyingi za Kongo, zikiwemo za kutoka Kivu na Katanga, zimehamia jimbo hilo kama wakimbizi, hasa katika mji wa Grand Rapids, na watoto wao wanasoma katika shule hizo hizo.

Mpira wa aina gani?

Mpira unaozungumziwa hapa si ule wa TP Mazembe na AS Vita Club. Ni mpira wa Kimarekani, unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, na mpira wenyewe una umbo kama la yai. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Lengo ni kuubeba mpira, ao kumrushia mwenzako, hadi kuvuka mstari wa mwisho wa wapinzani. Ukivuka, timu yako inapata pointi 6. Wapinzani nao wanakuzuia kwa kukukamata na kukuangusha chini. Kwa sababu hiyo wachezaji huvaa kofia ngumu na mikingo ya mabega.

Ni mchezo unaopendwa sana katika shule za Marekani. Takriban wavulana milioni moja wa sekondari huucheza kila mwaka. Katika miji midogo, mechi ya Ijumaa usiku hukusanya karibu kila mtu: wazazi, bendi ya shule, wazee waliosoma hapo zamani, wauza vyakula. Shule nyingi hutegemea pesa za mlangoni kulipia michezo mingine.

Sasa fikiria mchezo kama huo wakati wa korona. Vijana 22 wanapumuliana usoni, wanashikana, wanaanguka rundo moja, kisha wanarudi nyumbani kwa bibi na babu. Hakukuwa na mchezo wa shule uliowapa waganga wasiwasi zaidi, labda mieleka tu.

Kila jimbo na uamuzi wake

Marekani haina wizara moja inayoendesha michezo ya shule. Kila jimbo lina chama chake. Michigan ina MHSAA, chama kinachopanga mashindano ya sekondari. Kabla ya 1975, bingwa wa mpira wa Kimarekani wa jimbo hilo hakupatikana uwanjani: waandishi wa magazeti walipiga kura kuchagua timu bora. Mwaka 1975 ndipo mechi za mchujo zilianzishwa. Tangu 2005 fainali huchezwa Ford Field, mjini Detroit, uwanja wenye paa na viti 65,000, ambao ni nyumbani kwa timu ya kulipwa ya Detroit Lions. Kwa kawaida fainali hizo huchezwa mwishoni mwa Novemba, wikendi ya sikukuu ya Shukrani.

Korona ilipoingia Machi 2020, Detroit ilikuwa kati ya miji iliyopigwa vibaya mwanzoni. Ukumbi mkubwa wa maonyesho katikati ya mji uligeuzwa kuwa hospitali ya muda. Wamarekani weusi, ambao ni kama asilimia 14 ya wakaaji wa Michigan, walikuwa karibu asilimia 40 ya waliokufa katika wiki hizo za kwanza. Mashindano ya mpira wa kikapu ya shule yalikuwa katikati ya mchujo. Katikati ya Machi MHSAA iliyasimamisha, na tarehe 3 Aprili ikayafuta kabisa pamoja na michezo yote ya msimu uliofuata. Timu ambazo hazikuwa zimeshindwa ziliambiwa zirudishe jezi. Hakuna bingwa aliyepatikana.

Kumbukumbu hiyo ya Machi ndiyo iliyowafanya wachezaji, makocha na wazazi washikilie sana msimu wa mpira wa Kimarekani. Walikuwa wameshaona kombe likifutwa.

Siku 20 za kukata tamaa na kurudi

Mazoezi yalianza tarehe 10 Agosti, kwa kofia tu, bila kugusana. Siku nne baadaye, tarehe 14 Agosti, MHSAA ilitangaza kwamba msimu umehamishwa hadi mwaka 2021, wakati baridi itakapokwisha. Chama kilisema hatari ya mchezo wa kugusana ni kubwa mno.

Majimbo ya jirani yalikuwa yameamua tofauti. Ohio na Indiana walikuwa wanajiandaa kucheza. Vijana wa Michigan wanaoishi karibu na mpaka waliweza kuvuka na kuona wenzao wakiingia uwanjani. Mwishoni mwa Agosti, wachezaji na wazazi walikusanyika mbele ya bunge la jimbo mjini Lansing wakidai waruhusiwe kucheza. Sauti yao haikuwa ya mchezo tu. Finaliste anayetafuta nafasi ya chuo kikuu anahitaji video za mwaka wake wa mwisho ili makocha wa vyuo wamuone. Mwezi huo huo, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliwapa wachezaji waliokuwa tayari chuoni mwaka mmoja wa ziada kwa sababu ya korona. Maana yake ni kwamba waliotegemewa kuondoka wangebaki, na nafasi za wanaotoka sekondari zingepungua. Finaliste wa 2020 alikuwa anapigwa pande mbili.

Tarehe 3 Septemba, gavana Gretchen Whitmer alitia saini amri iliyoruhusu michezo hiyo, na siku hiyo hiyo baraza la MHSAA likarudisha msimu. Zilikuwa zimepita siku 20 tangu kuuahirisha. Masharti yalikuwa mengi. Kila mchezaji angeweza kuleta watazamaji wawili tu. Barakoa zilitakiwa hata kwa wachezaji. Bendi nyingi zilibaki nyumbani.

Kwa kuwa muda ulikuwa umepotea, kila timu ingecheza mechi 6 badala ya 9. Na kwa kuwa mechi 6 hazitoshi kuchagua timu bora kwa haki, MHSAA ilichukua uamuzi ambao haukuwahi kuonekana katika mchujo huo: timu zote zingeingia. Kwa kawaida timu 256 pekee hufuzu katika mashindano ya wachezaji 11. Mwaka huo hata timu iliyopoteza mechi zote ilikuwa na haki ya kuanza mchujo tarehe 30 Oktoba. Wale waliozoea kumaliza msimu kichwa chini wakajikuta wanaota Ford Field, japo kwa wiki moja.

Mzimu wa 1918

Mchujo ulipokuwa unakaribia, mambo yalihamia mahakamani. Tarehe 2 Oktoba, Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kwamba gavana hakuwa na mamlaka ya kuendelea kutoa amri za dharura baada ya Aprili 30 bila bunge. Watu wengi walifikiri kwamba masharti yote yameanguka, na kwamba kuanzia hapo kila shule ingefanya inavyotaka.

Haikuwa hivyo. Ndani ya siku chache, idara ya afya ya jimbo ilitoa amri zake yenyewe. Ilitumia sheria ya afya ya umma inayoipa idara hiyo uwezo wa kuzuia mikusanyiko wakati wa maradhi ya kuenea. Viongozi wa idara walieleza asili ya uwezo huo: bunge la Michigan liliutoa baada ya homa kubwa ya 1918, ile iliyoitwa homa ya Kihispania.

Hapo ndipo historia ya kale ilipoingia katika mpira wa vijana. Mwaka 1918, vita ya kwanza ya dunia ikiwa inaelekea mwisho, homa hiyo ilifika Michigan kupitia kambi za askari na reli. Tarehe 19 Oktoba 1918, gavana Albert Sleeper alifunga makanisa, sinema na mikusanyiko katika jimbo zima. Mechi za mpira zilifutwa moja baada ya nyingine. Hata timu maarufu ya Chuo Kikuu cha Michigan, chini ya kocha Fielding Yost, ilicheza mechi 5 tu mwaka ule na kuzishinda zote. Wakati huo hapakuwa na mchujo wa shule wa kuokoa, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuuliza kama ungeweza kusimamishwa kisha kuendelea. Swali hilo liliachiwa wajukuu wa wajukuu wao. Na sheria iliyozaliwa na msiba ule ndiyo iliyokuja kuwasimamisha.

Novemba 15

Wiki mbili za kwanza za mchujo zilichezwa kwa mashaka. Kila wiki kulikuwa na timu zilizoondoka bila kucheza. Mchezaji mmoja akikutwa na virusi, wenzake waliokaa naye karibu walitakiwa kubaki nyumbani hadi siku 14, na timu isiyo na wachezaji ilipoteza kwa forfe. Wapinzani walisonga mbele bila kutoka jasho. Kwa wale waliopoteza kwa forfe hapakuwa na rufaa wala mechi ya marudio. Msimu wao uliisha kwa simu ya mkurugenzi wa shule.

Tarehe 13 na 14 Novemba zilichezwa fainali za wilaya. Katika madaraja manane ya mashindano ya wachezaji 11, zilibaki timu nane kwa kila daraja, jumla 64. Zilibaki raundi tatu: fainali za kanda, nusu fainali na fainali.

Jumapili ya tarehe 15 Novemba, jioni, idara ya afya ilitangaza kusimamisha mambo kwa wiki tatu kuanzia Jumatano tarehe 18. Sekondari zilirudi kusomesha kwa kompyuta. Mikahawa ilifungwa ndani. Michezo ya shule ilisimama. Wakati huo karibu watu 8,000 walikuwa wamekwisha kufa kwa korona katika jimbo hilo, na hospitali zilikuwa zinajaa tena.

Kilichowauma vijana si kusimamishwa tu. Amri hiyo haikugusa Detroit Lions, wala timu kubwa za vyuo vikuu, kwa maelezo kwamba wao wanapimwa kila mara. Kijana wa miaka 17 aliyebakiza mechi moja kufika nusu fainali alikaa mbele ya televisheni akiwatazama watu wazima wakicheza mchezo ule ule. Wanafunzi wa kandanda ya kawaida ya wavulana, mchezo ambao watoto wengi wa Kongo huko wanaupenda zaidi, walikuwa na bahati: fainali zao zilikuwa zimekwisha kuchezwa mapema mwezi huo.

Majirani walivyoamua

Ili kuelewa ugumu wa uamuzi uliofuata, ni vizuri kutazama majimbo mengine katika majira yale yale.

Minnesota ilikuwa imefuata njia inayofanana na ya Michigan: kuahirisha mwezi wa Agosti, kisha kurudisha mwezi wa Septemba. Gavana wake, Tim Walz, naye alisimamisha michezo kuanzia usiku wa tarehe 20 Novemba. Lakini Minnesota haikurudi uwanjani. Msimu wa 2020 ulifungwa hapo hapo, bila fainali na bila bingwa wa jimbo.

California haikucheza kabisa mwaka 2020. Mechi zake zilianza tu mwanzoni mwa 2021, baada ya serikali ya jimbo kuruhusu, mwishoni mwa Februari, michezo ya nje katika wilaya zenye wagonjwa wachache. Zilikuwa mechi za wiki chache, na hapakuwa na ubingwa wa jimbo. Illinois vilevile ilicheza msimu mfupi mwanzoni mwa 2021, bila mchujo.

Ohio ilikimbia. Ilicheza mechi 6, ikafungua mchujo kwa timu zote mapema Oktoba, na ikamaliza fainali zake Novemba.

Texas, ambako mchezo huu ni kama dini, iligawanya shule zake. Zile ndogo zilianza Agosti kama kawaida na kumaliza Desemba. Zile kubwa, nyingi zikiwa katika miji iliyokuwa na maambukizi makali, zilichelewa mwezi mzima. Fainali ya daraja la juu ilichezwa tarehe 16 Januari 2021 mjini Arlington, na ikawa ya ajabu kwa sababu nyingine. Kocha wa Westlake alikuwa Todd Dodge. Kocha wa wapinzani, Southlake Carroll, alikuwa Riley Dodge, mtoto wake wa kumzaa. Baba alishinda 52 kwa 34.

Kwa hiyo virusi vilikuwa vile vile, mchezo ule ule, nchi ile ile, lakini mwanafunzi alipata bingwa ao hakupata kufuatana na upande wa mpaka anakoishi.

Kijiti puani kabla ya mpira

Wiki tatu za Michigan zikaongezwa hadi Desemba 20. Wengi waliamini kwamba huo ndio mwisho, kama Minnesota. Lakini MHSAA, chini ya mkurugenzi wake Mark Uyl, ilikataa kutangaza kwamba mchujo umekufa. Iliendelea kusogeza tarehe mbele, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

Suluhu ilikuja kutoka sababu ile ile iliyowaruhusu watu wazima kucheza: kupima. Desemba hiyo, idara ya afya na MHSAA walikubaliana kufanya jaribio. Timu zilizobaki katika mpira wa Kimarekani, mpira wa wavu wa wasichana na kuogelea kwa wasichana zingepimwa mara kwa mara kwa vipimo vya haraka vya antijeni, ambavyo vinatoa jibu kwa dakika chache. Asiyekuwa na virusi anacheza. Aliyekutwa navyo anabaki nyumbani. Shule ambayo haikubali kupima haichezi.

Kwa wakaaji wa Beni, Butembo na Mambasa, jambo hili si geni. Katika miaka miwili ya Ebola iliyotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu wa huko walipita kwenye vizuizi ambapo walipimwa joto la mwili na kunawa mikono kwa maji yenye klori kabla ya kuendelea na safari. Walijua kwamba kipimo kinaweza kuonekana kama usumbufu, na pia kwamba ndicho kinachokuwezesha kufika sokoni. Vijana wa Michigan walijifunza hilo hilo wakiwa na kijiti puani.

Fainali za kanda zilichezwa tarehe 9 Januari 2021, wiki nane baada ya raundi iliyotangulia. Nusu fainali zikafuata tarehe 16. Januari ni mwezi wa theluji huko, na nyingi ya mechi hizo zilichezwa nje. Timu zilikuwa zimepitisha Noeli na Mwaka Mpya zikifanya mazoezi bila kugusana, bila kujua kama kesho kutakuwa na mechi. Mwishoni mwa jaribio, matokeo yalionyesha kwamba asilimia 99.8 ya vipimo havikukuta virusi.

Kelele katika uwanja mtupu

Tarehe 22 na 23 Januari, fainali nane zilichezwa Ford Field. Katika uwanja wa watu 65,000, karibu viti vyote vilikuwa tupu. Wachezaji wa akiba walisikika wakipiga kelele hadi upande wa pili. Mwaka wa kawaida, hakuna ambaye angewasikia.

Katika daraja la kwanza, West Bloomfield iliipiga Davison 41 kwa 0. Huo ulikuwa ubingwa wa kwanza wa shule hiyo. Mkimbiaji wake, Donovan Edwards, alikimbia na mpira yadi 257 na kuvuka mstari mara nne. Kocha wake, Ron Bellamy, aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Michigan majira yale yale, na Edwards naye akajiunga na chuo hicho. Januari 2024, chuo hicho kilipochukua ubingwa wa taifa, Edwards alivuka mstari mara mbili katika fainali. Mjini Grand Rapids, shule ya Catholic Central ilitwaa ubingwa wa daraja la tano.

Lakini siku ile ile ya Januari 22, fainali za kwanza zikichezwa Detroit, serikali ya jimbo ilitangaza kwamba mpira wa kikapu na michezo mingine ya baridi yenye kugusana itaendelea kuzuiwa hadi Februari 21. Wachezaji wa kikapu, ambao Machi iliyopita walinyang'anywa kombe lao, waliona wenzao wakicheza huku wao wakingoja. Wazazi waliandamana na kwenda mahakamani. Mwanzoni mwa Februari serikali ililegeza, na mechi zikaruhusiwa kuanzia tarehe 8.

Nani alipata, nani alikosa

Miaka imepita, na bado watu wa Michigan hawakubaliani. Wako wanaosema kwamba jimbo lilihatarisha familia kwa ajili ya vikombe. Wako wanaosema kwamba matokeo ya vipimo yalionyesha vijana wangeweza kuendelea tangu Novemba. Kila upande una hoja. Wale wanaosema vijana wasingesimamishwa hukumbusha asilimia 99.8. Wale wanaotetea kusimamishwa hujibu kwamba asilimia hiyo ilipatikana baada ya timu kubaki chache, vipimo kupatikana, na wimbi la Novemba kupungua. Vipimo hivyo havikuwa mikononi mwa shule wakati timu mamia zilipoanza mchujo Oktoba.

Jambo moja halina ubishi. Ugonjwa haukuwapiga wote sawa, na hata mashindano hayakuwapa wote nafasi sawa. Timu iliyopoteza kwa forfe tarehe 6 Novemba haikupimwa, haikungojewa, na hakuna aliyesogeza tarehe kwa ajili yake. Timu iliyofika tarehe 14 Novemba ilingojewa wiki nane. Tofauti kati ya hizo mbili mara nyingi haikuwa nguvu wala maarifa ya kocha. Ilikuwa kikohozi cha mtu mmoja darasani.

Kongo nayo ilikuwa na mabingwa wake wa mwaka ule. Ligi ya taifa, Linafoot, ilisimamishwa na haikurudi uwanjani, na TP Mazembe ikatangazwa bingwa kwa kuwa ilikuwa inaongoza. Mashabiki wa timu nyingine hawakufurahi, lakini walau jina liliandikwa. Kwa wanafunzi, serikali ilifanya uchaguzi ulio karibu na ule wa Michigan: haikuweza kuwarudisha wote, ikawarudisha wale wa mwisho. Madarasa mengine yalibaki yamefungwa ili finaliste apate nafasi ya kukaa mbali na mwenzake na kumaliza. Desemba 18 shule zikafungwa tena mapema, na hazikufunguliwa hadi Februari 22, 2021. Mafinaliste wa Agosti walikuwa wamekwisha kupita.

Katika orodha ya MHSAA, mabingwa hao wameandikwa chini ya mwaka 2020, ingawa walivikwa medali Januari 2021. Msimu uliofuata ulirudi kwenye desturi yake: mechi 9, timu zilizostahili tu, na fainali wikendi ya Shukrani. Wachezaji wa mwaka ule sasa ni watu wazima. Baadhi yao bado wanaitunza jezi ya Ford Field. Wengine, walioondolewa na forfe, hawana cha kutunza isipokuwa ratiba iliyobandikwa ukutani, na mbele ya jina la wapinzani wa mwisho hakuna matokeo yaliyoandikwa.